Lipindue Kwanza

Asiyejua kochi huanza kwa kulikalia. Anayejua huanza kwa kulipindua. Mjini Babati kazi hiyo hufanyika barazani mwa karakana, kochi liko miguu juu, na mteja amesimama kando akiwa ameudhika kidogo: amelikodia kirikuu kulitoa kwa mtumishi aliyehamishwa, na sasa tumbo la kochi liko wazi mbele za wapita njia. Lakini upande wa juu wa kochi ni maneno ya muuzaji. Ushahidi uko chini.

Nazungumzia hasa kochi la kupinda, lile lenye mgongo wa nusu duara, maana ndilo linalowachanganya watu siku hizi. Mwaka 1947 Mfaransa Jean Royère alibuni kochi nene lililojikunja, linalojulikana leo kwa jina la Ours Polaire. Miaka michache baadaye Vladimir Kagan, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanyia kazi zake New York, akatoa Serpentine, refu na lenye mawimbi. Leo makochi halisi ya Royère hugombewa minadani kwa mamia ya maelfu ya dola, na sura zake zimeshuka hadi kwenye simu zetu. Mtu anahifadhi picha, anamtumia fundi, anasema nitengenezee kama hili. Kwa hiyo nusu duara la velveti ya kijani lenye miguu ya rangi ya dhahabu laweza kuwa limetoka karakana ya jirani mwezi uliopita. "Mama, hili si la zamani, limevalishwa uzamani tu," fundi atasema, na mara nyingi huwa ameshaziona skrubu.

Skrubu za nyota zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1930 kupitia viwanda vya magari vya Marekani, hivyo fremu iliyofungwa nazo kila mahali haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Zile za mfereji mmoja hazithibitishi kitu. Huenda fundi aliyelitengeneza alikuwa na bisibisi bapa tu. Ndiyo sababu mjuzi haridhiki na shahidi mmoja. Huchana kile kitambaa cheusi cha chini na kutazama kilichoshikilia kitambaa cha juu: pini za stepla zilizomiminwa kwa haraka ni kazi ya karibuni, misumari mifupi yenye kichwa kipana ni mkono wa kale. Halafu huhesabu matundu. Kila kochi linapovuliwa na kuvalishwa upya, fremu hubaki na safu nyingine ya matundu, na mwenye jicho atakwambia limebadili nguo mara ngapi.

Babati ina shahidi wake pia, ambaye Paris hawamjui. Kabla ya lami ya kutoka Dodoma, kilomita 251 zilizozinduliwa mwaka 2018, chochote kilichopakiwa kupitia Kondoa kilifika na udongo mwekundu wa huko. Sebuleni hupanguswa, lakini kwenye mishono ya ndani haupanguswi na mtu. Fundi anauona kabla hajauliza kochi limetoka wapi.

Ndani hutafuta tumbo lenyewe. Makochi ya kale yalijazwa singa za farasi, na huku kwetu usumba, sufi au magunia ya katani, juu ya springi za kuzunguka zilizofungwa kwa kamba. Sponji ya povu ilishika soko la samani kuanzia miaka ya 1950. Ikizeeka hugeuka unga wa njano unaomwagika ukiitikisa, na hilo mimi silioni kuwa kasoro, sponji hubadilishwa. Mbao ndiyo shida.

Mti haukui ukiwa tao. Heshima yangu yote kwa ufundi huu iko hapo. Fundi mvivu huchukua ubao mmoja mpana akachora tao na kulikata zima. Nyuzi za mbao zinakatika njiani, na siku wageni watatu wanene wakiketi kwa pamoja, ubao unapasuka palepale nyuzi zilipoishia. Mstahimilivu huunga vipande vifupi, kila kimoja nyuzi zake zikiufuata mpindo, akavipandanisha na kuvitia gundi, kisha akapiga randa hadi maungo yasionekane. Hizo ni saa za kazi ambazo hakuna mteja atakayeziona. Kama mbao ni mninga, ambao ukishakauka husinyaa kidogo sana, tao litabaki tao. Kama ni mbao laini iliyofungwa mbichi, litajinyonga na kuchungulia kwenye kitambaa. Mjuzi hufumba macho, akapitisha kiganja mgongoni mwa kochi kutoka ncha hadi ncha. Akikutana na kona, hata ndogo, tayari amejua.

Kitambaa nacho hakijui kupinda. Upande wa ndani wa tao hujikusanya, wa nje huvutika. Vifungo na mifereji ya kushonwa wengi huviona pambo. Lakini kwenye tao huificha pia ile mikunjo ya lazima.

Kuna jambo moja linaloshusha bei Babati ambalo halina uhusiano na ubora. Kagan alikunja kochi lake likae katikati ya chumba, kuta zibaki huru kwa michoro ya wateja wake. Sisi hupanga makochi ukutani, stuli katikati, televisheni mbele. Tao likisukumwa ukutani huacha nyuma yake pengo la kuchezea watoto na kupotelea rimoti. Mnunuzi hulalamika, na bei inapungua kwa kosa la sebule.

Katika hesabu, kitambaa cha sasa hakina thamani hata king'ae vipi, kwani kitang'olewa. Hupimwa fremu, springi, na gharama ya kuvalisha: kochi la watu watatu lililonyooka hula mita 12 hadi 15, la kupinda huzidi kwa sababu vipande vya tao huacha mabaki mengi. Jumla ikishapatikana, fundi makini huulizia upana wa mlango wa mteja, maana tao haliingii kwa kuinamishwa tu, na gharama ya kung'oa fremu ya mlango nayo huandikwa kwenye karatasi ileile.