Chapati Inayozunguka Yenyewe

Mama yangu haigeuzi chapati kwa mkono anapoisukuma. Huweka donge kwenye kibao, hulibonyeza kidogo kwa kiganja, kisha mti wa kusukumia huenda na kurudi, na chapati huzunguka yenyewe chini yake mpaka inakuwa duara. Siri iko kwenye uzito: mkono mmoja hukandamiza zaidi ya mwingine, unga husogea upande, duara likageuka. Nimemtazama tangu utotoni na bado sijachoka kumtazama.

Alifundishwa na Ba. Ndivyo tulivyomwita sote, kwa neno la Kigujarati la mama mzee. Aliishi ghorofani, juu ya duka la mumewe, karibu na Oginga Odinga Street hapa Kisumu, na mama alimfanyia kazi za nyumbani. Ba alitoka Porbandar, India, akiwa bibi harusi, akavuka bahari kwa meli hadi Mombasa, kisha akapanda treni mpaka ziwani. Jiko alilolikuta hapa likawa lake kwa maisha yake yote.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence. Habari zake tunazijua kwa wanaume: vibarua zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka India, na kati yao kama 6,700 hivi walibaki, mfanyabiashara Alidina Visram na maduka yake, wakulima wa miwa wa Kibos. Wenye maduka wengi hawakuwa wana wa vibarua hao. Walikuja wenyewe kutafuta biashara, na wake zao wakawafuata. Wake hao ndio ninaowaenzi hapa, maana kazi yao ililiwa ikaisha kila siku, na kesho yake ikaanza upya.

Chapati ya Ba, aliyoiita rotli, ilikuwa nyembamba kama kitambaa. Aliukanda unga kwa maji na mafuta kidogo mno, akaufunika, akauacha utulie. Joto la Kisumu hulegeza donge upesi, kwa hiyo maji aliyatia kwa vidole, tone kwa tone, akisikiliza unga kwa kiganja. Kikombe cha kupimia hakukigusa. Madonge yalilingana na ndimu. Juu ya kikaango bapa, upande wa kwanza ulikaa muda mfupi tu, mpaka rangi ilipobadilika na malengelenge madogo yakatokea. Upande wa pili ulikaa zaidi. Kisha aliitoa, akaiweka moja kwa moja juu ya moto, nayo ikavimba yote kama mpira. Mahali palipokuwa na unene usio sawa, au tundu dogo kuliko jicho la sindano, mvuke ulitoroka na rotli ikabaki bapa. Moto haukuficha kosa la msukumaji. Iliyovimba aliipaka samli upande mmoja, akaipanga juu ya zenzake ndani ya kitambaa.

"Dikri, usiusukume kwa hasira," alimwambia mama. Dikri ni binti.

Chapati iliingia Kenya kwa njia nyingi, Pwani ikiwemo. Kwetu iliingia kwa mlango wa jiko lile, na mama hakuiacha ilivyokuwa. Sisi tulitaka kitu cha kushibisha, cha kuchovya kwenye mchuzi wa samaki, ngege, siku ya Krismasi. Kwa hiyo alisukuma donge, akalipaka mafuta, akalikunja kuwa kamba, akalisokota kama konokono, akaliacha lipumzike kabla ya kulisukuma tena. Ikiiva, huchanika tabaka kwa tabaka.

Mwaka mmoja alimpelekea Ba sahani moja, imefunikwa. Ba alikuwa mzee sana, mikono yake haikuweza tena kushika mti wa kusukumia. Alileta chupa ya achari ya maembe aliyoianika mwenyewe zamani kwenye paa, akakaa dirishani. Alichana kipande, akakiinua kwenye mwanga, akazitazama tabaka moja moja.

"Hii umeisokota vipi?" akauliza, akasogeza kiti ili mama akae amwonyeshe.