Kezilahabi na Kierkegaard: Je, Kufanana Ni Kuathiriwa?

Insha nyingi za wanafunzi kuhusu riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi hufuata njia moja. Huanza na Søren Kierkegaard wa Denmark, anayeitwa baba wa udhanaishi, hupitia kwa Nietzsche, Sartre na Camus, kisha hufika Ukerewe na kumkuta Kazimoto amekata tamaa. Hapo hukumu hutolewa: Kezilahabi aliathiriwa na wanafalsafa hao. Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Mengo tumeizoea njia hiyo pia, kwa kuwa ni fupi na inapendeza katika chumba cha mtihani. Katika insha hii ninaihoji hatua yake ya mwisho. Hoja yangu ni kwamba kufanana kwa mawazo hakutoshi kuthibitisha athari, na kwamba anayedai athari bila kuonyesha ilipitia wapi huishia kuiacha riwaya yenyewe bila kuisoma.

Kufanana kwenyewe sikukatai. Kierkegaard (1813–1855) alimtetea mtu binafsi dhidi ya umati, alilishambulia kanisa la taifa lake katika miaka ya mwisho ya uhai wake, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1849 alieleza kukata tamaa kuwa ni ugonjwa wa nafsi. Kazimoto naye ni msomi wa chuo kikuu anayejiona mgeni kijijini kwao, anayeitilia shaka dini, na ambaye mwishowe anajiua. Tena Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, alisoma katika seminari ya Nyegezi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maswali ya imani na shaka hayakuwa mageni kwake. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba aliwasoma wanafalsafa hao mapema. Lakini "inawezekana" ni mwanzo wa uchunguzi. Haiwezi kuwa hitimisho lake.

Mfano kutoka Ulaya kwenyewe unasaidia hapa. Mshairi wa Poland, Cyprian Norwid (1821–1883), aliishi karibu wakati mmoja na Kierkegaard. Wote wawili walikuwa Wakristo waliouhofia umati na nguvu ya magazeti, na wote waliona kwamba karne yao inamsahau mtu na kukumbuka vitu. Msomaji anayewaweka pamoja hushawishika kusema kwamba mmoja alimsoma mwenzake. Hata hivyo, Kierkegaard aliandika kwa Kidenmark, lugha iliyosomwa na wachache nje ya nchi yake, naye Norwid alimaliza maisha yake Paris akiwa fukara asiyejulikana sana. Maelezo rahisi zaidi ni kwamba wote waliishi katika karne moja na kuumizwa na mambo yale yale. Ikiwa tunawapa Wazungu wawili nafasi ya kufikiri jambo moja bila kunakiliana, kwa nini tumnyime nafasi hiyo mwandishi wa Ukerewe?

Tukirudi kwenye Kichwamaji, tunaona kwamba mwisho wake hauwatii wanaodaiwa kuwa walimu wake. Kwa Kierkegaard, ugonjwa wa kukata tamaa una tiba, nayo ni nafsi kumtegemea Mungu. Camus, katika insha yake ya mwaka 1942 kuhusu Sisyphus, anaanza na swali la kujiua, lakini analikataa jibu hilo: mtu aendelee kuishi akijua kwamba maisha hayana maana iliyo tayari. Kazimoto hapokei tiba ya wa kwanza wala ushauri wa wa pili. Anayesema kwamba riwaya hii ni falsafa ya Ulaya iliyovikwa kanzu hana budi kueleza kwanza kwa nini mwanafunzi amewapinga walimu wote wawili.

Tena kukata tamaa kwa Kazimoto kuna sababu zinazotajika. Manase anampa mimba Rukia, mdogo wake Kazimoto, na msichana huyo anafariki. Kazimoto anapanga kulipiza kisasi kupitia Sabina, dada yake Manase, lakini anaishia kumpenda na kumwoa. Kisha mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, naye hakai duniani. Katika Kiswahili, kichwamaji ni mtu ambaye akili yake haijatulia. Hapa nahau imegeuka kuwa mwili wa mtoto. Elimu iliyojaa kichwani mwa baba imezaa kichwa kisichoweza kuishi. Wazo hilo limejengwa kwa lugha yetu, na halihitaji pasipoti ya Copenhagen.

Kipimo hiki nakitumia kwa haki hata upande wa nyumbani. Mkerewe mwingine, Aniceti Kitereza, alikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 simulizi ndefu ya Myombekere na Bugonoka, ambamo uchungu wa kukosa mtoto ndio unaopima ndoa. Ukaribu na Kichwamaji unaonekana. Lakini kitabu hicho kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka sita baada ya Kichwamaji. Kwa hiyo hapa pia siwezi kudai athari ya kitabu juu ya kitabu; naweza kusema tu kwamba kisiwa kimoja kiliuliza swali moja mara mbili.

Je, hakuna mahali ambapo athari inathibitika? Ipo. Mwaka 1985 Kezilahabi alikamilisha tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Humo anajadiliana waziwazi na falsafa ya Magharibi, akiwamo Heidegger. Nagona na Mzingile zilichapishwa baada ya tasnifu hiyo. Hapa njia inaonekana, na hata hivyo anayepita humo anabishana na wenyeji wake. Kuathiriwa si kumezwa.

Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyefundisha pia Makerere, aliwalaumu wasomi wa Kiafrika kwa kuivalisha miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani ili ikubalike Ulaya. Kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika katika usomi wa Magharibi kilihusu dini, lakini onyo lake linatufaa sisi wahakiki. Kezilahabi mwenyewe alikwisha kuonja shutuma ya namna hii: diwani yake ya Kichomi (1974) ilipotoka, baadhi ya wanajadi waliliona shairi huru kuwa ni kuiga Wazungu. Ajabu ni kwamba neno lililotumika kumshutumu ndilo tunalolitumia leo tukidhani tunamsifu.

Kwa kuhitimisha, napendekeza tutenganishe mambo matatu katika uhakiki wetu: kufanana, uwezekano wa athari, na athari yenyewe. La kwanza huonekana kwa kusoma matini mbili. La pili huhitaji kujua maisha na elimu ya mwandishi. La tatu hudai ushahidi kwamba kitabu kilifika mikononi mwake na kikaacha alama katika kazi yake. Kati ya Kichwamaji na Kierkegaard tumefika hatua ya pili tu. Atakayetaka kuendelea mbele na atuletee ushahidi. Kwa sasa tuanze kwa Kazimoto na tumsikilize, ndipo tuulize ni nani mwingine duniani aliyewahi kusema kama yeye.