Jemadari Mgeni

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wakasema pia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuachia methali ya kutumia pale mgeni anapoipindua serikali, kisha akakaa kungoja shukrani.

Nimelifikiria hilo kila nilipokisoma kitabu cha John Okello, Revolution in Zanzibar, kilichochapwa Nairobi mwaka 1967. Okello alizaliwa Lango, Uganda, mwaka 1937, akawa yatima angali mdogo. Alitangatanga Uganda na Kenya akitafuta vibarua, na mwaka 1959 akavuka hadi Pemba. Huko alifanya kazi ya uashi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya Zanzibar kupata uhuru, watu wenye mapanga na marungu walizivamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, wakatwaa silaha. Sultani Jamshid akakimbia. Sauti iliyotoa amri na vitisho redioni ilikuwa ya mwashi huyo, ambaye sasa alijiita Fildi Masho.

Kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo, kitabu hiki kina thamani kubwa. Kasoro yake kuu imo katika neno moja: "mimi". Mwandishi ndiye anayeota, ndiye anayepanga, ndiye anayeamuru. Mungu mwenyewe husema naye. Wenzake wanasinyaa hata wakawa kama vivuli. Tena watu kwa maelfu waliuawa, wengi wao Waarabu, na maagizo anayohusishwa nayo yaliamua kwa umri nani auawe na nani aachwe. Msomaji akitafuta majuto yenye uzito wa vifo hivyo, hayapati. Hapo namlaumu bila kumung'unya maneno.

Lakini wenyeji nao wana lao. Mwezi Machi 1964 Okello alipotoka safari ya bara, hakuruhusiwa kubaki Zanzibar. Historia rasmi ikaupa uongozi wa mapinduzi chama cha Afro-Shirazi na Mzee Karume, yeye akawekwa pembeni. Sababu haijifichi sana. Wapinzani walikuwa wakidai kwamba chama hicho ni cha watu wa kuja. Shujaa Mkristo kutoka Uganda, mwenye lafudhi ya kwao, angewapa hoja.

Si kila jemadari mgeni hupatwa na hayo. Franz Sigel, Mjerumani aliyepigana katika mapinduzi ya Baden mwaka 1849, alishindwa, akaikimbia nchi yake, akaishia Marekani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, alifanywa jenerali. Alishindwa vibaya New Market mwezi Mei 1864. Hata hivyo sanamu yake, akiwa juu ya farasi, imesimama New York tangu mwaka 1907. Kwa nini? Wahamiaji wa Kijerumani waliingia jeshini kwa wingi kwa ajili ya jina lake, na kura zao zilihitajika. Okello hakuwa na chama nyuma yake wala kura mkononi. Kazi ilipokwisha, hakuna aliyepata hasara kwa kumfukuza.

Sisi wa Bariadi jambo hili si geni kwetu. Ndugu zetu wengi wamehama na ng'ombe wao kwenda Usangu, Rukwa, Morogoro hadi Lindi. Mwaka 2006 Serikali ilipoanza kuondoa mifugo katika bonde la Ihefu, watu waliokuwa wamelima na kuzaa watoto huko waliitwa wavamizi. Mtu anaweza kuwa mgeni miaka ishirini bila kujua, mpaka siku atakapoambiwa.

Ndiyo maana siwezi kukitupa kitabu cha Okello pamoja na majivuno yake yote. Naona ndani yake mtu aliyefungiwa mlango, anayebisha na kusema kwamba naye alikuwapo. Alionekana mara ya mwisho Uganda mwaka 1971, mwaka ambao Idi Amin alitwaa madaraka, kisha akatoweka. Msomaji na akisome, amdai hesabu ya waliouawa. Kisha awageukie waliomfuta, awadai na wao hesabu ya mtu mmoja.