Komeo la Mwaka 1992

Katika kadhia zote za ardhi zilizopita Tanzania tangu uhuru, sijaona taksiri iliyo wazi kama ile ya Sheria Na. 22 ya mwaka 1992, iliyohusu milki za ardhi vijijini, pale ilipoamuru kesi zilizokwisha kufunguliwa zikome na hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe. Nami nitakaa hapo hapo, kwani mengine yote ndani yake yalikuwa matawi ya shina hilo.

Msomaji anaikumbuka asili yake. Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini iliwahamisha watu kwa mamilioni, mashamba ya huyu akapewa yule pasipo fidia. Na baadaye, wenye asili walipothubutu kwenda mahakamani, baba mmoja na mwanawe walishinda huko Arusha, wakarudishiwa shamba lao. Rufaa ingali ikingoja Mahakama Kuu, muswada ukapelekwa bungeni, ukapita.

Serikali kuitwaa ardhi ya raia kwa maslahi ya umma ni jambo ambalo Katiba yenyewe, katika ibara ya 24, imeliachia nafasi, maadamu sheria inayotumika imeweka fidia inayostahili. Lakini kumnyima mtu fidia, kisha kumfungia mlango asiweze hata kulalamika, kisha kuizima hukumu aliyokwisha kuishika mkononi, hizo ni dhulma tatu katika waraka mmoja, tena mwaka ule ule ambao Tume ya Profesa Issa Shivji ilikuwa ikikamilisha taarifa yake juu ya ardhi. Kulikuwa na haraka gani? Nimekwisha kuandika, na wapo waliochoka kunisoma, kwamba mtunga sheria anayewanyang'anya mahakimu kesi hukiri kwa kalamu yake mwenyewe kuwa hoja zimemwishia.

Wa kumweka sawa alikuwapo. Mwaka 1994, shauri la baba yule na mwanawe dhidi ya sheria hiyo lilipofika Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali alielezwa na upande wa Serikali kwamba haki ya kimila si mali, akajibu kwamba neno hilo likikubaliwa, wananchi wengi wa bara watakuwa wavamizi tu katika nchi yao wenyewe. Kisha akayaleta maandishi ya zamani ya Mwalimu Nyerere, kwamba atumiaye nguvu zake kusafisha kiwanja ameongeza kitu juu ya tunu ya Mungu, na kutoka hapo akaamua kwamba fidia haifungamani na majengo na mazao peke yake. Tazama ustadi huo: taka za operesheni ya Mwalimu zilifagiliwa kwa fikra ya Mwalimu. Leo tunaletewa hukumu ndefu mara tatu ya ile, na ukizikamua hupati tone.

Sheria za ardhi za 1999 na kanuni za uthamini za 2001, zilizoiweka thamani ya soko kuwa msingi wa fidia, ni kazi njema.

Ila mthamini angali akifika shambani na fomu yake, akahesabu minazi, akapima ukuta wa banda la uani, na ile sehemu tupu ambayo marehemu babu aliifyeka kwa panga msimu baada ya msimu akaipita akiiandika pori. Wathamini wa namna hii wasomeshwe hukumu ya 1994 kabla ya kukabidhiwa fomu, na asiyeielewa abaki ofisini.