Kosa moja si sawa na kosa jingine

Hebu fikiria uko Tabora. Mnunuzi wa tumbaku anawaambia wakulima: "Hatutawalipa wiki hii." Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi inaandika "Tutawalipa wiki hii." Programu ya pili inaandika "Hatutawaripa wiki hii." Ipi bora?

Kwa kipimo kinachotumika sana, zote sawa: neno moja limekosewa kati ya matatu. Lakini ya kwanza imewaahidi watu pesa ambazo hazipo!

Hapo ndipo ninapogombana na kipimo hiki. Kinahesabu maneno, wakati sisi tunapakia kanusho, mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Kitamil na Kitelugu nazo huambatisha viambishi vingi kwenye neno moja. Kuhesabu herufi kunasaidia kidogo tu, maana "ha" ni herufi mbili.

Halafu kuna Kinyamwezi, lugha ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Kina irabu saba na toni. Whisper ya OpenAI ilitoka 2022 ikiwa imefunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kiswahili kimo kwenye orodha yake, Kinyamwezi hakimo. Mzee akichanganya lugha hizo mbili, kama ilivyo kawaida sokoni, mashine italazimisha kila kitu kiwe Kiswahili.

Kwa hiyo ukisoma tangazo la "usahihi asilimia 90", usipige makofi kwanza. Uliza: ile asilimia 10 imekosea nini? Kanusho? Bei? Jina la mtu?