Dada Asiye na Uso

Anesama hana uso. Hana macho wala mdomo; mbele pameachwa karatasi nyeupe tupu, na aliyemtengeneza hajioni amesahau kitu. Mwanasesere huyu wa karatasi wa Kijapani, anayeitwa kwa heshima ya dada mkubwa, uzuri wake wote uko nyuma: nywele zilizofungwa fundo, ukosi wa kimono ulioteremka kidogo kuiacha shingo wazi, na obi, ule mshipi mpana wa kiunoni. Ukimtazama kwa mbele tu, hujamwona.

Wasichana wa zama za Edo, kati ya 1603 na 1868, waliwatengeneza wenyewe kwa vipande vya karatasi, wakacheza nao baba na mama. Aliyebahatika alipata chiyogami, karatasi ya maua iliyopigwa chapa kwa vibao vya mbao. Mji wa Matsue, mkoani Shimane, unajulikana kwa wanasesere hao hadi leo. Historia nyingine tuwaachie wenye makumbusho; mimi moyo wangu uko kwenye nywele.

Kutengeneza nywele ni kazi ya vidole. Karatasi hulowanishwa kidogo, ikazungushwa kwenye kijiti, kisha ikasukumwa taratibu kutoka ncha zote mbili mpaka ijikusanye katikati. Ikikunjuliwa, imejaa vikunyanzi vyembamba, mithili ya kanga iliyokamuliwa ikasahauliwa kwenye beseni. Hapo ndipo inapokubali kupinda, kuvimba na kushika umbo la shungi. Karatasi ya daftari ingechanika zamani. Hii ni washi, iliyotengenezwa kwa nyuzi ndefu za gome la kozo, mti wa jamii ya mforosadi: hukatwa wakati wa baridi, gome likachunwa, likapikwa, likapondwa, na nyuzi zikatandazwa majini kwenye chekeche mpaka zishikane. Mwaka 2014 UNESCO iliutia ufundi huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Ni heshima kubwa, ingawa kitu kikishafika kwenye orodha kama hiyo, mtu huanza kujiuliza wamebaki wangapi wanaokifanya.

Halafu huja kimono, na hapa hakuna mzaha: upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Ukigeuza, umemvika kama maiti, maana hivyo ndivyo wafu wanavyovalishwa huko. Mtoto aliyekuwa akimkunjia anesama nguo alikuwa papo hapo anajifunza kuvaa yake, bila mtu kumwekea somo.

Wanasesere wazuri bado wapo, tena wazuri kupita kiasi: wamekaa nyuma ya vioo, kazi ya watu wazima kwa macho ya watu wazima, na mtoto haruhusiwi kugusa. Asiyetaka kabati la kioo hununua pakiti, kila kitu kimeshakatwa, kilichobaki ni kubandika. Mtu humaliza kabla chai haijapoa. Na kwa kuwa weupe ule unamkera, huchora macho mawili na tabasamu. Nimewaona wa aina hiyo ambao kimono yao imekunjwa kulia juu ya kushoto: maiti wanaochekelea, wamepangwa dirishani. Pakiti haikumwonya mnunuzi, na bibi ambaye angemwonya hayupo tena.