Fundo la Tete Lililokatwa Ngana

Wale waliohudhuria mashindano ya shabaha pale Ngana Jumamosi iliyopita, wakaketi upande wa mto Songwe ambako jua halikuwapiga usoni, waliona kwa macho yao mshale wa tatu wa fundi kijana ukipasuka tangu chembe hata katikati ya wano, na wengi walirudi makwao wakisema kwamba ilikuwa bahati mbaya. Haikuwa bahati. Ilikuwa taksiri, tena iliyotendwa kwa kusudi mezani pa kazi siku kadhaa kabla ya upote kuvutwa, nayo ni kulikata fundo la tete.

Tete lina nguvu kwa urefu wake, ilhali upana wake haufungwi na kitu ghairi ya mafundo. Chembe kinapogonga ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu ya gunia la pumba za mpunga, huzuiwa ghafula, na uzito wote ulio nyuma yake ungali ukija kwa kasi ile ile. Basi mkia wa chembe, usipokuta kitu kigumu cha kuupokea, hugeuka kabari na kulipasua wano kama kuni. Ndiyo maana wazee walitia kati kijiti cha mti mgumu: chembe hukaa katika kijiti, kijiti hukaa katika tete, kitako cha kijiti huegemea fundo, na juu ya maungio huzungushwa ukano uliolowekwa au hupigwa noleo jembamba la chuma. Kila kimoja humpokea mwenziwe mzigo, na hakuna kinachoachwa kuubeba peke yake.

Kijana huyu aliyaondoa yote. Alilikata tete nyuma ya fundo la mbele, akakitupa kijiti cha mpera alichopewa, akaushindilia mkia wa chembe, uliofuliwa kwa msumari wa inchi 6, ndani ya tundu tupu lililojazwa gundi ya kuchanganya, kisha akapiga msasa hata pasionekane mshono. Nilimwendea baada ya pigo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fundo umelipeleka wapi?"

"Nimelitoa, mzee, nipate nafasi ya chuma. Mshale wa kuwindia hutakiwa uwe mzito mbele."

Hoja yake si ya kupuuzwa, na kwa insafu niieleze kabla ya kuikataa. Niliuweka mshale wake wa akiba, ulio sawa na ule uliopasuka, juu ya mgongo wa kisu: urefu wake inchi 30, nao ulitulia penye inchi 20 na nusu kutoka kisigino, yaani inchi 5 na nusu mbele ya nusu ya urefu, ambayo ni asilimia 18 na kidogo. Mshale wa babu yake, wenye kijiti na fundo, ulitulia penye inchi 19, sawa na asilimia 13. Mshale ulioelemea mbele huongozwa vyema na manyoya yake, na hupenya zaidi. Mmarekani Ed Ashby, aliyeifanyia kazi mishale ya kuwindia huko Natal katika miaka ya 1980, ndiye anayetajwa na vijana wote kwa jambo hili. Walakini katika orodha ya Ashby mwenyewe sharti la kwanza si uzito wa mbele. La kwanza ni mshale usivunjike wala kupinda, la pili uruke sawa, ndipo uzito wa mbele ukafuata. Vijana wamelishika la tatu wakaliacha la kwanza.

Nimewahi kuandika, na sitachoka, kwamba gundi si kiungo. Gundi hukishika kiungo kilichokwisha kuwa kizuri. Waata wa nyika ya Tsavo, waliovuta nyuta za zaidi ya ratili 100 na kumwangusha ndovu, mishale yao ilikuwa na kijiti cha mbele, nacho ndicho kilichopakwa sumu ya msunguti. Sumu leo ni haramu kwa sheria, na ni haki iwe hivyo. Ustadi wa kile kiungo haukuharamishwa na mtu. Saxton Pope, yule tabibu wa upasuaji aliyekuja Tanganyika mwaka 1925 pamoja na Arthur Young kuwawinda simba kwa uta, alifundishwa kazi hiyo na Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi huko California. Na Ishi naye, aliyekuwa hajapata kumwona Mwaata wala Mnyakyusa wa huku kwetu, alitoboa wano, akatia kijiti cha mti mzito zaidi, akafunga kwa ukano. Watu walioachana kwa bahari mbili waliafikiana juu ya jambo moja, na fundi wetu akaona wamekosea wote.

Wala asiseme mtu kwamba kaboni imeyafuta haya. Bomba la kaboni nalo hupasuka mdomoni, na inseti ya aluminiamu yenye greni 15 au 20, ikifungiwa chembe cha greni 200, hupinda pigo linapokuja kwa upande. Anayetaka uzito huo na atumie inseti ya shaba nyeupe au ya chuma, avishe noleo kwa nje, tena achague uti mkakamavu zaidi, maana kila greni inayoongezwa mbele huulegeza uti unapofyatuliwa.

Uta wa kijana wetu ulikuwa mzuri, na manyoya ya kanga ya mishale yake yalifungwa kwa ustadi; lawama yake ni ya fundo tu.

Lawama nyingine ni ya waamuzi, ambao mwaka hata mwaka hupima umbali wa tundu kutoka katikati ya shabaha, wasitazame kamwe hali ya mshale ukisha kung'olewa. Mshale wa kuwindia uliopasuka katika pigo lake la kwanza ulipewa alama 8 mbele yetu sote.

Watu walipotawanyika nilipita karakanani kwake, nikakiokota kile kipande cha tete alichokitupa chini ya meza. Kina urefu wa inchi 4, na fundo lake ni zima. Nimelipiga nyundo mara tatu juu ya kijiti cha mpera, na halijatoa ufa.